Ukutani au Kabatini? Uchambuzi wa Namna ya Kuonyesha Karatasi za Thamani Nyumbani

Tarehe 5 Aprili 2025 ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilisha noti za zamani za Tanzania, zile zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Aliyebaki na noti hizo baada ya siku hiyo hana fedha tena, ana kumbukumbu. Wenzake ni wengi. Yuko mwenye stempu za Sultani zilizogongwa maneno "Jamhuri 1964" baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, mwenye picha ya harusi ya babu na bibi, mwenye cheti cha kwanza cha chuo kikuu katika ukoo, na mwenye barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wote wana swali moja: karatasi hii iwekwe wapi ili ionekane na pia idumu?

Majibu wanayopewa yanagongana. Mwenye stesheneri atasema ipigwe laminesheni. Fundi fremu atasema iwekewe kioo na itundikwe sebuleni. Mkusanyaji wa stempu atasema ikae ndani ya albamu, kabatini, mbali na jua. Kila mmoja ana sababu zake, lakini mshauriwa huondoka amechanganyikiwa zaidi kuliko alivyokuja, kwa sababu washauri hawa hawajibu swali moja. Wa kwanza anafikiria maji na mikono yenye jasho, wa pili anafikiria macho ya wageni, wa tatu anafikiria bei ya mnada.

Uchambuzi huu unazipima njia hizo tatu. Vipimo ni viwili: thamani ya karatasi husika iko wapi hasa, na je, tulichoifanyia leo kinaweza kutenguliwa kesho bila kuijeruhi?

Karatasi huharibiwa na nini

Adui wa kwanza hutoka kiwandani. Hadi nusu ya kwanza ya karne ya 19, karatasi nyingi zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, na nyingi kati ya hizo hata leo zinakunjika bila kuvunjika. Kuanzia katikati ya karne hiyo viwanda vilihamia rojo la mbao, lililokuwa tele na rahisi. Mbao ina lignini, ambayo hugeuka njano ikipata mwanga na hewa. Tena karatasi ilitiwa shabu na ulimbo ili wino usitawanyike, na shabu hiyo huzaa asidi inayokata nyuzi polepole. Ndiyo maana gazeti la miaka ya 1950 linaweza kupukutika mkononi wakati barua ya karne ya 18 iliyokaa kando yake bado ni imara.

Adui wa pili ni mwanga, na huyu ndiye anayedharauliwa zaidi kwa kuwa kazi yake haionekani siku kwa siku. Madhara ya mwanga hayaponi kwa kupumzishwa, hujumlishwa. Ukali wake hupimwa kwa luksi, na jumla yake kwa luksi mara saa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2004 na CIE, tume ya kimataifa ya masuala ya mwanga, unashauri vitu vinavyopauka haraka visipate zaidi ya saa-luksi 15,000 kwa mwaka, na vya wastani visizidi 150,000. Katika ukumbi wa makumbusho wenye mwanga hafifu wa luksi 50, kiwango hicho cha kwanza ni saa 300. Kwenye ukuta wa sebule unaopata luksi 500 mchana, kinamalizika kwa saa 30, yaani siku tatu hivi. Jua la adhuhuri nje hufikia luksi 100,000. Miale yake ikigusa fremu kwa dakika chache kila asubuhi, hesabu inaharibika kabisa.

Adui wa tatu ni hewa. Kuvu huanza kuota pale unyevu wa hewa unapodumu juu ya asilimia 65 hadi 70, na Mombasa, Dar es Salaam na Unguja hukaa juu ya kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka, masika ikiwa mbaya zaidi. Joto nalo huichochea asidi: kwa makadirio ya wahifadhi, kupunguza joto kwa nyuzi 5 za Selsiasi huongeza maisha ya karatasi mara mbili hivi. Kwa hiyo picha mbili zilizosafishwa siku moja, moja ikatundikwa Nairobi na nyingine Lamu, hazizeeki kwa mwendo mmoja. Miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya, ambako kipasha joto hukausha hewa wakati wa baridi; mtu wa pwani akiifuata neno kwa neno anajikinga na shida ambayo si yake.

Adui wa nne ni viumbe na mikono. Mchwa hula mbao ya fremu na kuendelea na kilichomo. Mende na yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha asiye na mbawa hufuata wanga wa gundi. Mikono ya watu ndiyo huleta selotepu, ambayo gundi yake hugeuka kahawia na kupenya karatasi, na pini za steplazi, ambazo pwani hushika kutu upesi.

Njia tatu zinazoshindaniwa hutofautiana kwa sababu kila moja inamkabili adui mmoja au wawili na kuwaacha wengine.

Msimamo wa kwanza: ipigwe laminesheni

Hoja za upande huu si za kupuuzwa. Laminesheni ni rahisi, hufanywa kwa dakika chache katika karibu kila stesheneri mjini, na humkinga mtu na maafa ya kawaida: paa linalovuja, chai iliyomwagika, mtoto mwenye kalamu, karani anayeshika cheti kwa vidole vyenye wino. Kwa karatasi inayopita mikononi mwa watu kila siku na inayoweza kutolewa upya, kama orodha ya bei dukani au ratiba ya shule, ni uamuzi wa busara.

Udhaifu wake unaanzia kwenye mashine yenyewe. Karatasi hubanwa kati ya ngozi mbili za plastiki zenye gundi, kisha hupitishwa kwenye joto linalozidi nyuzi 100. Gundi huyeyuka na kuingia kati ya nyuzi. Kuanzia hapo karatasi na plastiki ni kitu kimoja, na atakayejaribu kuvitenganisha atachuna wino. Asidi iliyomo hubaki humo na kuendelea na kazi yake. Muhuri wa kubonyeza hulainika, alama ya maji haisomeki vizuri, na mhakiki anayetaka kupapasa karatasi kujua kama ni halisi anakuta anapapasa plastiki. Tiketi za mechi na risiti za mashine za EFD huumia zaidi: karatasi yake huandikwa kwa joto, hivyo ikipita kwenye mashine ya laminesheni hugeuka nyeusi yote.

Historia ya uhifadhi inalo funzo lake hapa. Katika miaka ya 1930, William J. Barrow wa Virginia, Marekani, alibuni njia ya kubana nyaraka dhaifu kati ya tabaka za plastiki ya selulosi asetati kwa joto na mgandamizo. Nyaraka nyingi za maktaba na kumbukumbu za taifa zilipitishwa humo zikidhaniwa zimeokolewa. Baadaye ilibainika kuwa plastiki hiyo nayo huoza na kutoa asidi yenye harufu ya siki, na wahifadhi wa vizazi vilivyofuata wamekuwa wakiiondoa kwa viyeyusho, kazi ya polepole na ya gharama. Kama wataalamu wenye maabara waliingia mtego huo, mteja wa stesheneri ana sababu ya kusita.

Kwa mkusanyaji, hukumu ni fupi: noti au stempu iliyopigwa laminesheni imepoteza karibu bei yake yote, hata kama ni adimu kiasi gani.

Msimamo wa pili: iwekwe ndani ya fremu, ukutani

Hoja kubwa ya fremu ni ya kijamii. Kitu kinachoonekana hutunzwa. Cheti kilicho ukutani huulizwa na wageni, husimuliwa kwa watoto, na kikianza kuota madoa mwenye nyumba anayaona mapema. Karatasi iliyofichwa haina mlinzi wa namna hiyo. Fremu pia huzuia vumbi, vidole na mikunjo.

Tatizo ni kwamba fremu nyingi za mitaani hujengwa kwa vitu vinavyoharibu. Ukifungua iliyokaa ukutani miaka 20, mambo huwa yaleyale. Nyuma kuna kipande cha hadibodi au boksi la kahawia kilichokuwa kikitema asidi muda wote. Karatasi imebandikwa juu yake kwa gundi nyeupe, au imeshikwa kwa selotepu ambayo sasa ni ukanda mkavu wa rangi ya asali. Pale kadi ya ukingo ilipoigusa pamebaki mstari wa kahawia, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Sehemu iliyofunikwa na ukingo ina rangi yake ya zamani, na sehemu iliyokuwa wazi imepauka. Hapo ndipo mwenye mali huona kwa mara ya kwanza kiasi alichopoteza. Na kama ni picha iliyogusana na kioo, utando wake wa jelatini umenata juu ya kioo na hautoki bila kuchanika.

Fremu inayofaa hutofautiana na hiyo kwa mambo manne. Kwanza, karatasi haigusi kioo: kadi nene iliyokatwa dirisha katikati huacha nafasi ya milimita chache. Pili, kadi hiyo na ile ya nyuma ni za pamba au zisizo na asidi. Tatu, karatasi haibandikwi. Hushikiliwa kwa mifuko midogo ya kona, au kwa vipande vya karatasi nyepesi ya Kijapani vilivyopakwa gundi ya wanga wa ngano, ambayo hulainika kwa maji kidogo siku ya kuitoa. Nne, nyuma ya fremu hufungwa vizuri kuzuia vumbi na wadudu, kisha kona zake za chini huwekewa vipande vya mpira ili hewa ipite kati yake na ukuta.

Hilo la nne lina uzito wa pekee pwani. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na kuta hizo hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa pamoja na chumvi. Fremu iliyobanwa juu ya ukuta kama huo hufungia unyevu nyuma yake, na kuvu huota upande usioonekana. Ukuta wa ndani, unaotenganisha vyumba viwili, ni salama kuliko unaopigwa na mvua. Ukuta wa bafu na wa jikoni haufai kabisa. Kiyoyozi si jibu rahisi kama kinavyodhaniwa: kikiwashwa usiku na kuzimwa mchana, unyevu hupanda na kushuka kila siku, na karatasi hutanuka na kujikunja kwa kufuata.

Kuhusu kioo, ubishi ni kati ya kioo cha kawaida, kioo chenye kinga ya urujuanimno na akriliki. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya miale hiyo. Aina zenye kinga huzuia hadi asilimia 97 au 99. Akriliki ni nyepesi na haivunjiki vipande, faida kwa fremu kubwa au chumba cha watoto, lakini huchunika upesi, na umeme tuli wake huvuta unga wa chaki na makaa, hivyo haifai kwa michoro ya aina hiyo. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba hata kinga ya asilimia 99 haizuii mwanga unaoonekana, ambao nao hupausha. Kioo cha bei ghali hupunguza kasi ya madhara. Hakiruhusu mtu kutundika stempu mbele ya dirisha.

Marekani ililijua hilo kwa hasara. Tangazo lake la Uhuru la 1776 lilitundikwa mwaka 1841 katika jengo la ofisi ya hataza mjini Washington, kuelekea dirisha, na likakaa hapo takriban miaka 35. Wino wake umefifia kiasi kwamba maandishi mengi hayasomeki kwa urahisi, ingawa limeandikwa juu ya ngozi, iliyo imara kuliko karatasi. Fremu ya titani yenye gesi ya agoni linamokaa tangu 2003 haiwezi kurudisha hata herufi moja.

Msimamo wa tatu: ifichwe, nakala itundikwe

Upande huu unasema macho hayahitaji karatasi yenyewe, yanahitaji sura yake. Skani ya nukta 300 hadi 600 kwa inchi, ikichapishwa vizuri, humridhisha mgeni aliyeketi kwenye kochi. Nakala ikipauka huchapishwa nyingine. Wakati huohuo karatasi ya asili inakaa gizani, imelala, haisumbuliwi na mtu. Taasisi kubwa hufanya hivyo: kwa miaka mingi hati ya asili ya tangazo la Rais Lincoln la mwaka 1863 la kuwaacha huru watumwa ilionyeshwa Washington kwa siku chache tu katika mwaka.

Mbinu inayosaidia ni ile iliyoendelezwa na Maktaba ya Bunge la Marekani katika miaka ya 1970: karatasi huwekwa kati ya tabaka mbili za poliyesta angavu na kingo za plastiki pekee ndizo hufungwa, bila gundi wala joto kuigusa karatasi. Kwa macho inafanana na laminesheni, kwa tabia ni kinyume chake: ukikata ukingo kwa wembe, karatasi inatoka kama ilivyoingia. Kwa karatasi iliyojaa asidi, wahifadhi huweka nyuma yake karatasi nyingine yenye alikali ili asidi isijikusanye humo.

Udhaifu wa msimamo huu ni mkubwa kuliko wafuasi wake wanavyokubali. Kabati la nyumbani si ghala la makumbusho. Sanduku chini ya kitanda ndilo la kwanza kupata maji ya mafuriko, na ndilo mchwa hulitembelea bila kuonwa. Naftalini inayotiwa humo kufukuza wadudu hudhuru afya na hulainisha baadhi ya plastiki. Albamu zenye kurasa za kunata zilizopendwa miaka ya 1970 na 1980 zimeharibu picha nyingi ambazo zingekuwa salama zaidi katika bahasha ya karatasi. Mifuko ya PVC hutoa kemikali inayofanya noti inate na stempu ibadilike rangi. Wa kutafutwa ni mfuko wenye namba 1, 2, 4 au 5 ndani ya alama ya pembetatu. Namba 3 ndiyo PVC na iachwe.

Hatari nyingine ni usahaulifu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na karatasi iliyofichwa ndiyo mali inayopotea hivyo kwa urahisi zaidi. Mwenye kuifunga akifariki bila kuacha maelezo, warithi huona bahasha kuukuu. Anayechagua giza analazimika kuandika daftari: ni kitu gani, kilitoka kwa nani, mwaka gani, kimewekwa wapi.

Kati ya msimamo wa pili na wa tatu kuna njia ya zamu. Mwenye picha sita za thamani anatundika moja kwa miezi miwili na kuzilaza tano. Kila moja hupata mwanga sehemu moja ya sita ya mwaka, na kila zamu ni fursa ya kukagua kama kuna kuvu au wadudu. Inahitaji nidhamu, na fremu inayofunguka bila kung'oa misumari.

Kupima: thamani ya karatasi iko wapi?

Ubishi hupungua sana mtu akiuliza karatasi yake ina thamani ya aina gani.

Ipo thamani ya kisheria. Hatimiliki, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na vyeti vya shule vina nguvu kwa sababu ofisi inaweza kuvihakiki. Hapa msimamo wa tatu unashinda bila mashaka: nakala ya rangi ukutani, asili ndani ya folda, imelala bila kukunjwa, juu ya rafu iliyo mbali na sakafu. Laminesheni inaihatarisha sifa ileile inayokifanya cheti kiwe cheti.

Ipo thamani ya soko. Bei ya stempu na noti hufuata hali yake: gundi ya nyuma, meno ya pembeni, kona kali, kukosa mikunjo. Noti za rupia za serikali ya Zanzibar, zilizoanza kutolewa mwaka 1908 na kuondolewa mwaka 1936 shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake, ni adimu sana, na kunjo moja la ziada hushusha bei. Stempu zina hila nyingine. Kampuni ya De La Rue ya Uingereza, iliyochapa stempu za makoloni mengi, ilitumia baadhi ya wino dhaifu kwa makusudi, ili atakayejaribu kufuta mhuri wa posta afute na stempu yenyewe. Vitu vilivyotengenezwa vipauke haviwezi kutundikwa kwa usalama. Kweli kuna kisa cha stempu ya senti moja ya British Guiana ya mwaka 1856, iliyokatwa kona zote nne na bado ikauzwa New York mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 9.5, lakini bei hiyo ilitokana na kuwa ya pekee duniani. Asiye na stempu ya pekee anategemea hali ya aliyonayo.

Ipo thamani ya kumbukumbu, na hapa picha ndizo zinazotawala. Picha nyeusi na nyeupe za studio kama Capital Art Studio, iliyofunguliwa Zanzibar na Ranchhod Oza mwaka 1930, zina chembe za fedha zinazostahimili mwanga kuliko rangi. Adui wake mkubwa ni unyevu na kugusana na kioo. Katika fremu nzuri, ukuta wenye kivuli, zinaweza kuonyeshwa. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 ni jambo jingine: rangi zake hufifia hata gizani na kubaki na wekundu. Kwa hizo kabati peke yake halitoshi. Dawa yake ni kuskani sasa, kabla rangi hazijapotea.

Na ipo thamani ya uzuri na elimu: ramani za kale, michoro iliyochapwa, kaligrafia, miswada. Wino wa masizi, uliotumika sana katika maandishi ya herufi za Kiarabu, haupauki kwa mwanga, ingawa baadhi huchuruzika ukipata maji. Ramani iliyochapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi ya matambara ndiyo inayovumilia ukuta kuliko zote, na hapa fundi fremu ana haki zaidi ya mkusanyaji. Iliyopakwa rangi kwa mkono, au yenye saini ya bolpeni au maka peni, inarudi kwenye zamu au nakala, kwa kuwa wino huo hufifia upesi. Mswada mzima wa kitabu haupaswi kufunguliwa ukurasa mmoja na kuachwa hivyo mwaka mzima, kwa sababu ya mwanga na ya mgongo wake. Mwenye mswada wa aina hiyo ana mlango mwingine pia: taasisi kama Nyaraka za Taifa Zanzibar, au Nyaraka za Taifa za Kenya, ambako mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, ukiwemo wa stempu, umehifadhiwa na kuonyeshwa kwa umma. Anayekabidhi hupoteza umiliki wa kila siku na kupata ulinzi ambao nyumba haiwezi kuutoa.

Gharama na mpangilio wa hatua

Matangazo huanza na kioo ghali. Hesabu ya mwanga iliyoonyeshwa hapo juu inatoa mpangilio tofauti. Hatua yenye faida kubwa zaidi haina gharama: kuhamisha fremu kutoka ukuta unaoangaliana na dirisha hadi ukuta wa ndani wenye kivuli kunaweza kupunguza mwanga mara kumi. Ya pili ni pazia. Ya tatu ni kuskani. Ya nne ni kubadilisha ubao wa nyuma na kuondoa gundi na selotepu. Pale ambapo kadi isiyo na asidi haipatikani, karatasi nzito ya pamba ya wachoraji wa rangi za maji ni kizuizi kizuri kati ya hadibodi na hati. Ya tano ni kuinua karatasi isiguse kioo. Kioo chenye kinga kinakuja cha sita, kwa mwenye uwezo. Taa za LED, ambazo hutoa urujuanimno kidogo sana, ni bora kuliko mirija ya floresenti, lakini nazo huhesabiwa katika jumla ya mwanga.

Kuna mpaka ambao mwenye nyumba asiuvuke peke yake: kuosha karatasi, kupiga pasi mikunjo, kubandua kilichonata kwenye kioo. Picha iliyonata ni bora iskaniwe ikiwa palepale nyuma ya kioo kuliko kuvutwa.

Muhtasari

Laminesheni hushinda maji na mikono, lakini haitenguliki. Mahali pake ni nakala. Fremu hushinda usahaulifu na vumbi, lakini huikabidhi karatasi kwa mwanga, na ikijengwa vibaya huiongezea asidi. Inafaa ramani na chapa za wino mweusi, na picha nyeusi na nyeupe zilizo mbali na jua na mbali na kioo. Kuficha hushinda mwanga, lakini hukaribisha mchwa, mafuriko na usahaulifu. Kunafaa vyeti, hati, stempu na noti, kwa sharti la daftari, rafu ya juu na ukaguzi, hasa baada ya masika. Zamu inamfaa mwenye karatasi nyingi na nidhamu ya kutosha. Picha za rangi za zamani ziskaniwe kwanza, lolote litakalofuata.

Mahali ambapo mtu hana hakika, kanuni ya kutengua inatosha kumwongoza. Karatasi iliyoshikwa kwa kona, iliyolazwa ndani ya poliyesta au iliyowekwa nakala yake ukutani inaweza kupata huduma bora mwaka ujao. Iliyobandikwa, iliyoyeyushiwa plastiki au iliyopaushwa na jua haina mwaka ujao wa kusubiri. Kati ya kosa linalorekebishika na uzuri usiorekebishika, mwenye karatasi moja tu achague la kwanza.